Maji ya uzima na lutuku yetu: historia fupi ya pombe kali

Msishangae kuona katekista akiandika habari za wiski. Hapa Kabondo-Dianda, kila jioni gari moshi la kwenda Kamina linapokawia, watu huketi karibu na reli, na pombe hupita mkononi kwa mkono. Wenye fedha kidogo hununua sashe za plastiki zilizoandikwa wiski. Wenye kupungukiwa hununua lutuku kwa kikombe. Wiski ya chupa, ile ya kweli, huonekana siku ya arusi ya mtoto wa mfanya biashara, nayo humiminwa kama dawa. Sisi tumekaa muda mrefu katikati ya watu hao, tukasikia maneno mengi: kwamba wiski ni pombe ya Wazungu na lutuku ni pombe ya washenzi, kwamba ile haina madhara na hii huua. Tukaona vema tuichungue habari yenyewe tangu mwanzo wake.

Kwanza tufahamu kazi inavyofanyika, maana ni moja tu duniani kote. Nafaka ikilowekwa na kuachwa ichipuke huwa kimea, na kimea kina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Sukari ikipata chachu huwa pombe ya kawaida, kama katubi yetu. Hapo babu zetu waliishia, hawakuona haja ya kuendelea. Lakini ukiitia pombe hiyo chunguni, ukaifunika, ukaichemsha polepole, kileo hutangulia kupanda kabla ya maji, kwa sababu chenyewe huchemka kwenye digrii 78, na maji kwenye digrii 100. Mvuke ukipitishwa katika bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, hudondoka tena tone kwa tone. Waarabu waliyaita matone hayo arak, yaani jasho. Ndilo neno ambalo wengine husema limezaa waragi ya Uganda, likiletwa na askari wa Sudani. Wengine hudai ni jina la jini ya vita la Waingereza lililopotoshwa. Wenye elimu ya Kiarabu ndio walioutengeneza vizuri mtambo huo zamani, tena kwa ajili ya manukato na dawa.

Kutoka kwao ufundi ulifika katika monasteri za Ulaya. Watawa waliita maji hayo kwa Kilatini aqua vitae, maji ya uzima, wakawapa wagonjwa. Katika kitabu cha hesabu za mfalme wa Uskoti cha mwaka 1494 imeandikwa kwamba mtawa mmoja, Bruda John Cor, alipewa kimea magunia mengi ili atengeneze aqua vitae kwa amri ya mfalme. Hiyo ndiyo barua ya ubatizo ya wiski ya Uskoti. Watu wa Ireland na Uskoti wakalitafsiri jina katika lugha yao, uisce beatha, maana yake ile ile. Waingereza wakalikata kwa kutoweza kulitamka, likawa wiski. Basi ndugu zetu wanaosema wiski ni pombe ya wenye fedha wajue kwamba ilianza katika chumba cha dawa cha watawa, ikaendelea katika vibanda vya wakulima maskini.

Maana baada ya watawa, wakulima ndio walioitwaa. Mkulima wa milimani mwenye shayiri asiyoweza kuifikisha sokoni aliigeuza kuwa pombe, nayo ililipa kodi ya shamba. Serikali ikatoza ushuru, mkulima akajificha. Katika Ireland, kimea kilipotozwa kodi kuanzia 1785, watengenezaji walichanganya shayiri isiyochipushwa ili kuikwepa kodi hiyo, na ladha iliyopatikana kwa ujanja huo ndiyo sifa ya wiski ya Ireland hata leo. Afisa mmoja wa ushuru, jina lake Aeneas Coffey, alipigwa na kuumizwa vibaya huko Donegal mwaka 1810 alipokuwa akiwasaka wapikaji wa siri. Mtu huyo huyo, mwaka 1830, alipata hati ya mtambo mpya uliopika bila kusimama, na pombe yake ikawa rahisi kuliko ya vyungu. Tumecheka sana tuliposoma habari hiyo: polisi aliyepigwa na wapikaji mwishowe akawa mpikaji mkuu.

Vita vile vilimalizwaje? Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilipunguza ushuru, ikaruhusu mtu kupika kwa leseni ya paundi 10 kwa mwaka. Wengi wakatoka mafichoni. Kisha wafanya biashara, watu kama Andrew Usher wa Edinburgh na akina Walker wa Kilmarnock, wakaanza kuchanganya wiski nzito ya vyungu na wiski nyepesi ya mtambo wa Coffey, wapate ladha isiyobadilika kwa bei ya mtu wa kawaida. Nazo zabibu za Ufaransa zilipoangamizwa na mdudu tangu miaka ya 1860, konyaki ikaadimika, wiski ikachukua kiti chake. Mwaka 1915 ikatoka sheria ya kuilazimisha wiski ikae ghalani kwanza, na leo haiitwi wiski ya Uskoti isiyotimiza miaka 3 katika pipa la mwaloni. Katika pipa hupata rangi na utamu, na kila mwaka kiasi cha sehemu 2 kwa mia hupotea kwa mvuke. Wenyewe huita fungu la malaika. Mwalimu wetu wa zamani seminarini angetukemea kwa kuitaja theolojia hiyo!

Sasa tuje kwetu. Katika Urua, simulizi za wazee humtaja Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mlevi na mkatili, aliyekula na kunywa mbele ya watu wote. Akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, ambaye hakukubali kuonekana akila wala akinywa; mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyemwondoa Nkongolo. Kwa hiyo Waluba wamejua tangu zamani kwamba jinsi mtu anavyokunywa huonyesha kama anafaa kutawala. Lakini kinywaji chao kilikuwa maji ya mtende na pombe za nafaka, si jasho la chungu.

Pombe kali ilikuja na meli za biashara pwani ya magharibi, jini na ramu za bei ya chini, ikilipia meno ya tembo na, kabla ya hapo, watu. Mkutano wa Bruxelles, kwa mkataba wa tarehe 2 Julai 1890, ulizuia biashara hiyo katika sehemu za Afrika ambako haijaingia, na kwingine ukaitoza ushuru. Dola Huru ya Kongo ikaikataza kupita mto Inkisi, hivi kwamba Katanga yote ilikuwa ndani ya katazo. Kisha mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ukakataza hata kupika pombe kali katika makoloni. Katazo lilikuwa na sababu njema, maana jini ile ilikuwa imeharibu watu wengi pwani. Lakini lilikuwa na macho mawili: Mzungu wa Elisabethville aliagiza wiski yake bila shida, na mchimba shaba aliyeonja tone alitozwa faini.

Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, Bukama mwaka 1918, na njia ya kupita Kamina hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikamalizika mwaka 1928. Reli ikaleta mishahara, mapipa ya chuma na mabomba ya shaba. Vitu hivyo vitatu, pamoja na mahindi na muhogo, ndivyo lutuku. Kinshasa huiita lotoko, Kasai tshitshampa, Tanzania gongo, Kenya chang'aa. Ni mtoto wa katazo: palipokatazwa chupa, watu walitengeneza chungu. Mjane mmoja wa hapa, tunayemheshimu kama mama, alitusimulia kwamba mama yake aliipika usiku wakati wa Wabelgiji, na polisi walipomfuma walitoboa pipa kwa shoka. Asubuhi alikwenda kutafuta pipa lingine.

Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Uganda, kwa sheria ya 1965, iliwaambia wapikaji wa enguli waiuze kwa kiwanda chenye leseni, nacho kiisafishe na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Ni karibu sawa na yaliyofanyika Uskoti mwaka 1823. Tanzania ilikataza gongo, na kiwanda kikatoa Konyagi. Kenya ilikataza chang'aa mwaka 1980, ikairuhusu tena kwa masharti mwaka 2010. Zikaja sashe. Zambia, jirani yetu, ilizipiga marufuku tujilijili mwaka 2012, Tanzania viroba mwaka 2017, Uganda mwaka 2019. Sisi twaona Uganda ya 1965 ilikuwa na akili kuliko wengine, ingawa hata huko enguli ya siri haikuisha.

Kwa nini jambo hili limetuchoma? Kwa sababu tulimzika kijana mmoja wa kwaya. Alinunua njiani kitu ndani ya bidoni, akaambiwa ni wiski. Usiku alisema taa imezimika, kumbe taa ilikuwa inawaka. Mwuguzi alitueleza kwamba hiyo ni kazi ya methanoli, kileo cha viwandani ambacho wauzaji wabaya huchanganya ili pombe iwe kali na wao wapate faida. Mahindi yenyewe hutoa kidogo sana. Matangani watu walilaumu lutuku, na yule mama mjane alilia akasema si yake. Kweli haikuwa yake, lakini nani kati yetu angeweza kumtetea, ikiwa hatukujua kutofautisha kitu na kitu?

Ndipo tukafanya jaribio, watu wanne: sisi, mwalimu mmoja, mzee mstaafu wa reli na yule mwuguzi. Tulichangishana franka miezi miwili. Mzee alituletea kutoka Lubumbashi chupa ndogo bapa ya Johnnie Walker ya karatasi nyekundu, ile iliyoanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1909. Mwalimu alikuwa na mabaki ya bourbon ya Marekani aliyopewa na shemeji yake wa Kolwezi. Tuliongeza sashe moja ya sokoni, na lutuku ya mama, ambaye tulimwona kwa macho yetu akimwaga kikombe cha kwanza kinachotoka bombani. Mwuguzi alitahadharisha kwamba ulimi haugundui methanoli, wala moto wa kiberiti hausemi kweli. Usalama ni kumjua mpikaji na chombo chake. Tukala ugali na samaki kwanza. Mtoto wa mwalimu akamimina kijiko kimoja kimoja katika glasi zenye namba, sisi tukiwa tumegeuka ukutani. Tulinusa, tukaonja, tukaongeza maji kidogo, maana maji hufungua harufu na kupunguza moto, tukaonja tena.

Namba moja ilinuka peremende na kuchoma koo, kisha ikaisha kama haikuwapo. Ilikuwa sashe: kileo, rangi na sukari. Namba mbili ilikuwa na moshi wa mbali, kama nguo ya mtu aliyetoka jikoni. Huo ndio moshi wa ule udongo mweusi wa majani yaliyooza, ambao Waskoti huukata kama matofali, wakaukausha na kukaushia kimea. Namba tatu ilikuwa tamu, na mzee akasema inanuka ubao mpya uliochomwa. Hakukosea. Bourbon lazima ilazwe katika pipa jipya lililounguzwa ndani, na nafaka yake iwe mahindi kwa sehemu 51 kwa mia au zaidi. Namba nne ilikuwa kali, bila rangi, ikanuka mahindi mabichi na chachu. Wote wanne, bila kushauriana, tuliipa nafasi juu ya namba moja. Mwalimu aliiweka karibu na bourbon, akaona haya alipoambiwa ni nini.

Wala si ajabu. Bourbon na lutuku ni ndugu wa mahindi, na mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Kilichowatenganisha ni pipa, miaka na sheria. Bomba la shaba la mama nalo lina kazi yake, kwa kuwa shaba huondoa harufu mbaya ya kiberiti katika mvuke. Ndiyo maana vyungu vya Uskoti ni vya shaba, na shaba hiyo sisi wa Katanga twaijua kuliko ladha ya wiski. Lakini tusidanganyane: chombo kilichoungwa kwa risasi huleta sumu ya polepole, na mama alikuwa na kiungo kimoja cha namna hiyo. Mzee wa reli alimbadilishia siku ya Jumamosi.

Gharama yote haikupita bei ya kuku wawili, na chupa bapa bado ina nusu. Tuliichora mstari kwa kalamu ili tujue nani anaiibia. Mwezi Januari mwalimu ana safari ya Lubumbashi, na tumemwagiza ya Ireland, iliyopikwa mara tatu, tuilinganishe na ile ya moshi. Mama aliuliza alipata nafasi ya ngapi. Tulipomwambia ya tatu kati ya nne, alitaka kujua nani wa nne, akaenda zake akicheka.