Kiwiko cha tenisi na sindano ya seli shina

Kiwiko cha tenisi ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, kano za misuli inayoinua mkono zinapochakaa. Hawaugui wacheza tenisi tu: seremala, mwashi na mama anayekamua nguo huugua pia. Huko Seoul, Korea Kusini, waganga walijaribu kuwadunga wagonjwa 12 seli shina zilizotoka katika mafuta ya mtu mwingine. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba, baada ya wiki 52, maumivu yalikuwa yamepungua. Lakini hapakuwa na kundi lililodungwa sindano isiyo na dawa ili kulinganisha, na wengi hupona polepole kwa kupumzisha mkono. Ndugu, tumshukuru Mungu kwa elimu, ila tusiuze shamba kwa tiba ingali majaribioni.