VITU TUNAVYOBEBA, SEHEMU YA 5: Lenzi nzito yenye mwanga, au nyepesi yenye utulivu?

Tumeshaongea kuhusu mbeleko, kigari cha mtoto na chupa ya chai. Leo zamu ya kitu ambacho wengi mmeniuliza inboksi: lenzi ndefu ya kamera. Ile inayomvuta mtoto karibu akiwa jukwaani kwenye mahafali ya chekechea na wewe umekaa viti vya nyuma kabisa.

Muuzaji anakuwekea mbili mezani. Ya kwanza nene, nzito, imeandikwa f/2.8. Ya pili nyembamba, nyepesi, imeandikwa f/4, lakini ndani ina mtambo wa kutuliza mtikisiko. Zote zinavuta hadi milimita 200. Uchukue ipi?

Hebu turudi nyuma kwenye historia kidogo, maana lenzi hizi zilizaliwa kutibu magonjwa mawili tofauti.

UGONJWA WA KWANZA NI MKONO WAKO. Mkono wa binadamu yeyote mwenye afya hutetemeka kidogo, mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukiwa umechoka, una hofu au umekunywa kahawa nyingi, unazidi. Kwa macho huoni. Ila lenzi ndefu inapomkuza mtoto, inaukuza na ule mtetemo. Ndiyo maana wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni yao: ukitumia lenzi ya milimita 200, shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera) isikae wazi zaidi ya 1/200 ya sekunde.

UGONJWA WA PILI NI MTOTO MWENYEWE. Hatulii! Akikimbia, unahitaji kama 1/500 ya sekunde au chini ya hapo, la sivyo miguu inakuwa ukungu. Na shata ikifunguka kwa muda mfupi hivyo, mwanga unaoingia ni kiduchu. Nje saa sita mchana hakuna shida. Ndani ya ukumbi wenye taa mbili, shida ipo.

Sasa twende na miaka.

Zamani mpiga picha alibeba lenzi kadhaa mkobani, kila moja na urefu wake. Mwaka 1959 kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani ilitoa Zoomar, iliyobuniwa na Frank G. Back, lenzi ya kwanza ya kuvuta na kurudisha iliyouzwa kwa kamera za picha za kawaida za milimita 35. Lenzi moja ikafanya kazi ya kadhaa. Mkoba ukapungua vitu, lakini kiu ya mwanga ikabaki palepale.

Njia ya kwanza ya kuikata kiu hiyo ni kupanua tundu la lenzi. Ile namba ya f inasomeka kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la karibu milimita 71. Yenye f/4 inatosheka na milimita 50. Tundu la f/2.8 linapitisha mwanga mara mbili ya f/4. Lakini tundu pana linataka vioo vipana, na kioo kina uzito. Hakuna ujanja hapo.

Mwaka 1995 ndio mwaka wa kuukumbuka, kwa sababu Canon ya Japani ilitoa majibu mawili ndani ya mwaka huohuo. Jibu moja lilikuwa lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, gramu 1310, bila mtambo wa kutuliza. Jibu la pili lilikuwa lenzi ya 75-300, gramu 650 tu, na hiyo ndiyo ikawa lenzi ya kwanza ya kubadilishika duniani yenye mtambo wa kutuliza. Ndani yake kuna vihisi viwili vidogo: kimoja kinasoma mtikisiko wa juu na chini, kingine wa kushoto na kulia. Kisha kundi la vioo linasogezwa upande wa kinyume, haraka, kufuta mtikisiko.

Sasa angalia hesabu hii mama. Ile nyepesi, ukiivuta hadi mwisho, ilikuwa f/5.6. Maana yake mwanga wake ni robo tu ya ule wa f/2.8, yaani hatua mbili chini. Na mtambo wake ulikuwa unafidia hatua ngapi? Mbili! Kwenye karatasi wakawa sare.

Lakini ni sare ya mkono tu, siyo ya mtoto. Mtambo unatuliza kamera yako. Haumfikii mwanao huko jukwaani. Akiruka kwenye shata ya 1/60, nguzo za ukumbi zitatoka safi kabisa, na yeye atatoka kama moshi.

Watengenezaji walilijua hilo. Mwaka 2001 Canon wakaunganisha dawa zote mbili kwenye 70-200 moja ya f/2.8 yenye mtambo. Uzito ukafika gramu 1470. Mwaka 2006 ikaja ile ya f/4 yenye mtambo bora zaidi, wa kufidia hadi hatua nne, kwa gramu 760. Na mwaka 2012 Nokia wakaweka mtambo wa aina hiyo kwenye simu, Lumia 920. Leo simu nyingi nzuri zinao. Kwa hiyo hata usiponunua lenzi yoyote, huenda tayari unaishi na historia hii mfukoni.

SASA NIVAE SARE YANGU YA KAZI.

Kuna maumivu ya kano za chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, yanayoitwa de Quervain. Yanawapata sana akina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto mara nyingi kwa siku gumba likiwa limetanuka. Kama wewe ni mmoja wao, kubeba kamera nzito kutakuumiza zaidi. Na kama maumivu hayaishi, nenda kituo cha afya, usiishie kujikanda na mafuta tu.

Kingine: mwanzoni uzito husaidia kidogo kutuliza kamera. Lakini misuli ikichoka, mkono unatetemeka kuliko kawaida. Yaani lenzi nzito isiyo na mtambo inakudai utulivu wakati uleule inapokumalizia nguvu.

Jipime nyumbani bila gharama. Lenzi ya gramu 1310 na kamera ya gramu 700 hivi inafika kilo 2. Chukua mfuko wa unga wa kilo 2, uinue usawa wa jicho kwa mikono miwili, hesabu dakika mbili. Mahafali yana dakika ngapi?

Basi, chagua hivi. Jiulize: nani anatikisika kwenye picha ninazozitaka?

Kama ni mtoto anayesimama kusoma risala, anayekata keki, anayelala kifuani kwa bibi, au anayecheza nje mchana, chukua nyepesi yenye mtambo. Kamera za siku hizi zinavumilia giza kuliko filamu ilivyovumilia, hivyo ile f/4 siyo mnyonge tena. Na akikimbia kidogo, pandisha ISO. Chengachenga kidogo kwenye picha si kitu, ilimradi uso wake uonekane.

Kama mwanao anacheza ngoma, karate au mpira wa kikapu ndani ya ukumbi, kila wiki, na mikono yako ni mizima, hapo f/2.8 ina haki yake. Hakuna mtambo utakaokufanyia kazi hiyo.

Kwa wengi wenu wenye watoto chini ya miaka mitatu, ushauri wangu ni nyepesi. Lenzi inayobaki kabatini kwa sababu ya uzito haipigi picha, na mtoto hasubiri. Isitoshe, mkono huohuo una kazi nyingine jioni: kumbeba huyohuyo uliyempiga picha.

Sehemu ya 6 tutaongelea mkoba wa shule. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono aniandikie hapo chini, tuelekezane.