Mitungi ya Dave

Julai 1834, huko Edgefield, South Carolina, Marekani, mfinyanzi mmoja mtumwa alikwaruza shairi la mistari miwili kwenye mtungi ambao haujachomwa. Desemba mwaka huo jimbo likapitisha sheria: ole wake anayemfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Mfinyanzi hakuacha. Mitungi mingine aliitia hata sahihi: Dave.

Hebu fikiria, mitungi hiyo ilitumika kuhifadhi nyama. Mabwana wenyewe waliiweka katika stoo zao, maandishi nje nje.

Alipopata uhuru akaitwa David Drake. Mwaka 2010, msanii Theaster Gates aliandaa maonyesho Milwaukee, akizungumza naye kwa udongo. Daftari za mabwana zilimhesabu Dave kama mali. Mitungi ndiyo iliyotuachia mtu.