Kilomita 85 za Mizabibu

Mume wangu amekulia Dodoma, katika nyumba ambayo zabibu ndizo zilizolipa ada ya shule. Kwa hiyo tulipopata siku tatu za mapumziko Oktoba iliyopita, hakutaka kusikia habari za Paris. Alitaka kuona wenzake wanalimaje. Tukakodi gari dogo, tukashika Barabara ya Mvinyo ya Ujerumani: kilomita 85, kutoka Schweigen mpakani na Ufaransa hadi Bockenheim upande wa kaskazini.

Barabara inaanzia kwenye lango kubwa la mawe. Ukishalipita, mizabibu iko kulia na kushoto, na kijiji kimoja hakijaisha vizuri kabla hujaona mnara wa kanisa la kijiji kinachofuata. Ni upande wenye joto kwa viwango vya Ujerumani, hata tini na lozi hustawi. Oktoba ni mwezi wa mavuno, na kila kijiji huuza mvinyo mpya ambao bado unachacha, pamoja na mkate wa vitunguu. Mume wangu aliinusa glasi yangu, akacheka. "Hii ni togwa ya wakubwa."

Nilidhani barabara yenyewe ni ya kale kama kilimo chake, maana zabibu zimelimwa huku tangu enzi za Warumi. Usiku, katika nyumba ya wageni mjini Neustadt, nikasoma historia yake. Barabara ya Mvinyo ilifunguliwa tarehe 19 Oktoba 1935. Aliyeifungua ni Josef Bürckel, kiongozi wa chama cha Nazi wa jimbo hilo.

Hakukuwa na barabara mpya iliyochongwa. Zilichukuliwa njia zilizokuwepo kati ya vijiji, zikaunganishwa na kupewa jina, ili watu wa mijini waje na magari yao wanywe na kununua. Miji ya Ujerumani nayo ilihimizwa kuwa "walezi" wa vijiji vya mvinyo, yaani kununua mvinyo wao. Sababu ilikuwa kwamba mvinyo ulijaa kwenye mapipa na bei imeanguka. Mavuno yalikuwa makubwa, lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo katika jimbo hilo ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Wayahudi. Wao ndio waliojua mteja yuko mji gani na anapenda mvinyo wa shamba lipi. Tangu 1933 chama kilikuwa kimewasusia, kimewatisha na kuwasukuma nje ya soko. Baada ya kuwafukuza wanunuzi, utawala ukawatafutia wakulima watalii.

Nilimsomea mume wangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Mke wangu, tumekuja kupumzika."

Alikuwa na haki yake. Tulikuwa tumeweka akiba miezi mingi kwa ajili ya siku hizo tatu. Lakini asubuhi tulipofika Deidesheim, mji mdogo ambako kansela Helmut Kohl alizoea kuwaleta wageni wake wakubwa, akiwemo Margaret Thatcher, niliomba tupite kwanza kwenye sinagogi la zamani. Ni jengo dogo la 1854. Lilinusurika kwa sababu lilikuwa limekwisha kuuzwa kabla ya usiku ule wa Novemba 1938 ambapo masinagogi yalichomwa kote Ujerumani. Leo hutumika kwa matamasha na maonyesho.

Tulisimama mbele yake, nikamweleza lililobaki. Tarehe 22 Oktoba 1940, miaka mitano na siku tatu baada ya uzinduzi wa barabara, Wayahudi zaidi ya 6,500 wa majimbo haya ya kusini-magharibi walikamatwa majumbani mwao. Walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, wakapakiwa kwenye treni hadi kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Bürckel alikuwa mmoja wa viongozi wawili walioendesha kazi hiyo. Wengi walikufa kambini kwa njaa na magonjwa, na kuanzia 1942 wengine wengi walipelekwa Auschwitz kuuawa. Huku nyuma, Oktoba hiyo, ulikuwa msimu wa kuvuna zabibu.

Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Na wakulima waliokuwa wakiwauzia?" Nilimwambia nilichokisoma: wapo walioendelea kufanya biashara nao kwa siri kwa muda, na wapo waliofurahi kwamba deni limekufa pamoja na mdai. Hakujibu. Tuliendelea na safari. Tulikula vizuri, tukapiga picha, na siwezi kudai kwamba mvinyo ulikuwa mchungu. Ulikuwa mtamu.

Jioni ya mwisho, Bockenheim, alimpigia baba yake Dodoma. Mzee aliuliza kuhusu udongo, kuhusu maji, kuhusu aina ya mbegu. Halafu akauliza lile ambalo mkulima yeyote wa zabibu, aliyewahi kuona mzigo ukiozea shambani, lazima aulize: "Na wanunuzi wao ni akina nani?"

Mume wangu alinitazama. "Baba," akasema, "hiyo ni habari ndefu. Una salio la muda?" Mzee akamkumbusha kwamba aliyepiga simu ni yeye. Basi akavuta kiti, akaanza na mwaka 1933.