Alama za GRE katika udahili wa shahada za juu za sayansi

GRE ni mtihani sanifu unaotumiwa hasa na vyuo vikuu vya Marekani kuchuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Jina lake kamili ni Graduate Record Examinations, na husimamiwa na shirika la ETS lenye makao yake katika jimbo la New Jersey. Kwa udahili wa ndani, vyuo vikuu vya Tanzania havidai mtihani huu. Mhitimu wa Dar es Salaam au Morogoro hukutana nao anapoomba nafasi ng'ambo, na pengine ndipo anapousikia kwa mara ya kwanza.

Muundo

Mtihani ulianza mwaka 1936. Siku hizi una sehemu tatu: lugha, hesabu na insha. Lugha na hesabu hupewa alama kati ya 130 na 170 kila moja, na insha kati ya 0 na 6. Tangu Septemba 2023 umefupishwa na huchukua muda usiofika saa mbili. Hufanywa kwa kompyuta, kituoni au nyumbani, na alama hudumu miaka 5.

Hesabu zake ni za sekondari: namba, aljebra, jiometri na takwimu. Kalkulasi haimo, hivyo aliyesoma PCM kidato cha tano na cha sita amekwisha kuvuka kiwango hicho. Kinachomsumbua ni kasi. Sehemu ya lugha ni ngumu zaidi kwake, kwa kuwa inadai msamiati mpana wa Kiingereza ambao vitabu vya fizikia au kemia havifundishi.

Palikuwa pia na mitihani ya masomo maalumu. Ule wa biolojia ulifutwa mwaka 2021 na wa kemia mwaka 2023. Wa fizikia na wa hisabati ilibaki.

Je, alama zina uzito gani?

Hapa ndipo penye ubishi. Mwaka 2014 wanafizikia Casey Miller na Keivan Stassun waliandika katika jarida la Nature kwamba idara zinazoweka kikomo cha alama huwafungia nje wanawake na watu wa jamii zenye wachache katika sayansi. Mwaka 2017 utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kuhusu wanafunzi wa sayansi za tiba ulionyesha kwamba alama za GRE zilihusiana kiasi na matokeo ya darasani ya mwanzo, lakini hazikutabiri nani angemaliza uzamivu wala nani angechapisha makala nyingi zaidi. Baada ya hapo idara nyingi za sayansi ziliacha kuzidai, na janga la UVIKO-19 mwaka 2020 liliongeza kasi hiyo.

Wapinzani wa tafiti hizo wana hoja ya kitakwimu isiyofaa kupuuzwa. Waliochunguzwa ni wale tu waliokwisha kukubaliwa. Kocha wa mpira wa kikapu akichagua warefu watupu, ndani ya timu hiyo urefu hautaonyesha sana nani atafunga vikapu vingi. Haimaanishi kwamba urefu hauna maana katika mchezo. Hata hivyo, mtihani wa saa mbili haupimi uvumilivu wa kurudia jaribio la maabara lililoharibika mara tano, na bila huo hakuna uzamivu.

Hali ya mwombaji kutoka Tanzania

Nchini, mlango wa uzamili hufunguliwa na GPA ya shahada ya kwanza, katika kipimo cha 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5 na la pili la chini 2.7. Msomaji wa Marekani amezoea kipimo cha 4.0, na kwao 72 kwa 100 ni alama ya wastani, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa A kuanzia 70. Kwa sababu hiyo transkripti iende pamoja na ufafanuzi wa alama. Kama kamati haikijui kabisa chuo alikotoka mwombaji, alama nzuri ya GRE inaweza kumsaidia kuliko inavyomsaidia Mmarekani. Jambo hili husahaulika sana na wanaoshangilia kufutwa kwake.

Upande wa pili ni gharama. Ada ya dola 220 ni zaidi ya shilingi nusu milioni, na kijana wa Kipawa anayejitolea shule bila mshahara hana pa kuitoa. Kabla ya kulipa, asome ukurasa wa idara yenyewe, maana ndani ya chuo kimoja fizikia inaweza kudai GRE na biolojia isiitake. Idara ikiandika kwamba ni hiari, alama za chini hazina haja ya kutumwa. Ikiandika kwamba haizipokei, hata 170 haitatazamwa; fedha hiyo ni afadhali iende kwenye ada ya maombi, na muda uende kwenye barua za mapendekezo za wahadhiri waliosimamia utafiti wake.