Karatasi ya makanika ilitoka wapi?

Katika gereji za Goma, Bukavu na Butembo, makanika anajulikana kwa jina lake na kwa magari aliyoyafufua. Hakuna anayemuuliza cheti. Lakini vita ikimfukuza, jina linabaki kule pamoja na vyombo vyake. Anafika mji wa watu wasiomjua, na mwenye gereji anamwambia: leta karatasi. Asipokuwa nayo analipwa kama mwanafunzi, hata kama anafungua mota peke yake.

Historia ya karatasi hiyo si ndefu. Wakati wa Wabelgiji, makampuni makubwa ya migodi, reli na malori yalijifundishia wafanyakazi wao yenyewe. Mkongo alianza kama msaidizi, akimshikia Mzungu funguo, na ujuzi alioupata ulihesabiwa kuwa mali ya kampuni. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Majuma machache baadaye Wazungu wengi wakakimbia, na karakana zikabaki mikononi mwa watu walioijua kazi lakini wasio na hati ya kuisema.

Pengo hilo ndilo INPP ilikuja kuziba. Iliundwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1964, na waajiri wanaichangia kwa hesabu ya mishahara wanayolipa. Wengi wetu tunaidhania shule ya vijana tu. Lakini katika kazi ilizopewa tangu mwanzo kuna kuwaendeleza watu wazima walio kazini tayari, na kumsaidia mtu anayelazimika kuacha kazi yake ashike nyingine. Ukiyasoma maneno hayo leo, utasema yaliandikwa kwa ajili ya waliohamishwa na vita.

Iko pia njia ya shule. Tangu 1967 tuna Mtihani wa Serikali, na wanafunzi wa ufundi hupimwa pia kwa mikono, mbele ya jury. Ni njia nzuri kwa mtoto. Baba wa watoto watano aliyejifunzia kazi chini ya Fuso hatarudi kukaa kwenye benchi miaka yote hiyo.

Uganda, waliko ndugu zetu wengi, walifikiria mtu wa namna hiyo. Baada ya sheria yao ya mafunzo ya ufundi ya 2008, walianzisha hati iitwayo Worker's PAS. Fundi haulizwi alisoma wapi. Anafanya kazi mkaguzi akimtazama, kisha yale anayoyaweza yanaandikwa: breki, klachi, umeme wa gari.

Kwa hiyo ndugu aliye Nakivale au Kyaka II, au aliyebaki huku kwetu, akifika ofisini asiulize tu kama kuna masomo. Aulize kama wanampima mtu anayeijua kazi tayari, inachukua siku ngapi, na ni pesa ngapi.