Utafutaji wa sarafu kwa kigunduzi cha metali

Utafutaji wa sarafu kwa kigunduzi cha metali ni shughuli ya kutafuta sarafu za zamani zilizopotea ardhini kwa kutumia kifaa cha umeme kinachotoa mlio kinapopita juu ya metali. Nchini Marekani watu wengi huifanya kama burudani katika bustani za umma za mijini, ambako vizazi kadhaa vimepumzika, vimecheza na kudondosha pesa. Bustani hizohizo zimejaa pia takataka za metali, kama vile vizibo vya chupa, vipande vya makopo, karatasi za alumini na misumari. Kwa sababu hiyo ugumu wa kazi hii hauko katika kusikia mlio, bali katika kuamua mlio upi uchimbwe.

Historia ya kifaa

Mwaka 1881 rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuipata mwilini mwake. Alexander Graham Bell, anayejulikana kwa uvumbuzi wa simu, alitengeneza kifaa cha kuitafuta. Kilifanya kazi vizuri katika majaribio, lakini kando ya kitanda cha rais hakikusaidia. Hutajwa sababu mbili: springi za chuma za kitanda zilivuruga mlio, na upimaji ulifanyika upande wa mwili ambao risasi haikuwepo. Garfield alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Hivyo tatizo la metali isiyotakiwa kuficha ile inayotakiwa lina umri sawa na kifaa chenyewe.

Gerhard Fischer, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia California, alipata hataza ya kigunduzi chake nchini Marekani mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa Uskoti, alibuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini kilichobebwa na askari mmoja. Kilitumika katika mapigano ya El Alamein nchini Misri mwaka 1942. Baada ya vita vifaa vingi vya jeshi viliuzwa kwa raia, na baadhi yao wakaanza kuvitumia kutafuta sarafu.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kichwa cha kigunduzi kina koili za waya. Koili moja hupitisha mkondo wa umeme unaobadilika-badilika, nao huzalisha uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake dhaifu, ambao hupokewa na koili nyingine na kugeuzwa kuwa mlio au namba kwenye kioo.

Uga unaorudi huchelewa kidogo, na kiasi cha kuchelewa hutegemea aina ya metali, ukubwa na unene wake. Kwa njia hiyo kifaa hukadiria kitu kilichopo chini. Kwa sarafu na takataka za Marekani, mpangilio wa kawaida kuanzia namba ya chini hadi ya juu ni huu:

- misumari na vipande vya chuma
- karatasi za alumini
- sarafu ya senti 5
- pete za kufungulia makopo
- senti 1 ya zinki, iliyotolewa kuanzia mwaka 1982
- senti 1 ya shaba ya zamani na senti 10 ya fedha
- senti 25 na nusu dola za fedha

Neno fedha hapa lina maana ya metali yenyewe (agenti), si pesa. Ni lazima pia kukumbuka kwamba kifaa hakisomi jina la kitu. Vitu viwili tofauti vyenye tabia moja ya umeme hutoa namba moja.

Tabaka la takataka

Hadi mwaka 1964 sarafu za Marekani za senti 10, senti 25 na nusu dola zilitengenezwa kwa fedha ya asilimia 90. Sheria ya mwaka 1965 iliondoa fedha katika senti 10 na senti 25 na kuipunguza katika nusu dola. Watu walizificha sarafu za zamani majumbani, na katika miaka michache zikatoweka mifukoni.

Wakati huohuo bidhaa nyingine ilikuwa inaenea. Mwaka 1963 Ermal Fraze wa Dayton, Ohio, alipata hataza ya kopo linalofunguliwa kwa kuvuta pete ya alumini. Pete hiyo ilitoka yote mkononi na mara nyingi ilitupwa chini. Mwaka 1975 kampuni ya Reynolds Metals ilianza kutumia mfuniko wa Daniel Cudzik, ambao kishikizo chake hubaki kwenye kopo, na baadhi ya majimbo yakapiga marufuku pete zinazotoka. Kufikia hapo idadi kubwa mno ya pete ilikuwa imekwisha kuzama katika nyasi za bustani.

Kwa hiyo sarafu za fedha zilikoma kudondoka katika muongo uleule ambao pete za makopo zilianza kutupwa. Katika bustani ambayo udongo wake haujavurugwa, takataka za miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi hulala juu ya sarafu za zamani. Vitu huzama polepole kwa sababu ya majani yanayooza, mizizi ya nyasi na kazi ya minyoo, ambayo Charles Darwin aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1881. Hata hivyo kina peke yake si kipimo cha umri, kwa kuwa udongo huletwa, hulimwa na kumomonyoka.

Kuchuja au kuchimba

Vigunduzi vingi vina uwezo wa kuchuja, yaani kunyamaza vinapokutana na namba zilizokataliwa na mtumiaji. Katika bustani chafu njia hii hupunguza uchovu, lakini ina gharama. Namba za pete za makopo hukaribiana na za sarafu ya senti 5, na pete za dhahabu za vidoleni huweza kuangukia popote kati ya karatasi ya alumini na senti ya zinki. Anayezuia pete za makopo huzuia pia sehemu ya dhahabu. Kinyume chake, kizibo cha chupa kilichoshika kutu huweza kutoa mlio wa juu unaofanana na wa sarafu nzuri.

Hasara ya pili ni kufunikwa. Msumari uliolala karibu na sarafu huweza kumeza ishara yake, hata sarafu hiyo ikiwa ya fedha. Ndiyo maana bustani inayodhaniwa kuwa imekwisha kutafutwa yote huendelea kutoa sarafu. Watafutaji wazoefu hutumia kichwa kidogo kinachotenganisha vitu vilivyokaribiana, hukipitisha polepole, na hurudia mahali palepale kutoka upande mwingine. Wengine huondoa kwanza takataka zote za eneo dogo, kisha hulipima upya. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo inayofichua kilichokuwa kimefunikwa.

Sarafu nyingi hupatikana katika kina kisichozidi sentimita 25. Mchimbaji hukata kipande cha nyasi pande tatu, hukiinua kama kifuniko, hutoa kitu, kisha hurudisha udongo na kukanyaga. Takataka hubebwa hadi kwenye pipa. Glavu ni muhimu kwa sababu ya vioo na sindano zilizotupwa. Sarafu haifai kusuguliwa, kwani mikwaruzo hupunguza thamani yake kwa wakusanyaji.

Sheria na akiolojia

Bustani ya umma si ardhi isiyo na mwenyewe. Miji ya Marekani ina kanuni tofauti: New York, kwa mfano, hudai kibali. Katika maeneo ya Idara ya Hifadhi za Taifa, yakiwemo ya National Mall mjini Washington, kutumia kigunduzi ni marufuku. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 hulinda mabaki ya kiakiolojia yenye umri wa miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali ya shirikisho. Nchini Uingereza Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 hudai vitu vya aina fulani viripotiwe.

Sababu ya ulinzi huo ni kwamba mahali na tabaka ambamo sarafu ilikutwa ni sehemu ya habari yake. Mfano wa karibu ni sarafu ya Kilwa iliyopatikana Zimbabwe Kuu, mbali na pwani. Ni sarafu moja tu ya shaba, lakini kwa kuwa mahali ilipokutwa panajulikana, imekuwa ushahidi wa uhusiano wa kibiashara kati ya pwani ya Waswahili na bara. Ingetolewa ardhini kimyakimya na kuuzwa, ingebaki kipande cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu.

Nchini Tanzania uchimbaji wa mabaki ya kale husimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na huhitaji leseni. Nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Senti iliyodondoka jana kwenye nyasi ni jambo moja; magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni jambo jingine. Anayekutana na sarafu ya kale mahali kama hapo anapaswa kuiacha ilipo, kuandika mahali alipoiona na kuwaarifu maofisa wa mambo ya kale au makumbusho.